MPD218 na FL Studio: pedi zinalia ovyo, sauti inachelewa, na chakacha yangu imegeuka gwaride

Chapuo_Ngamiani

Wakuu, wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Naombeni msaada, maana hapa nilipo nimebakiza kidogo nirudi kwenye ngoma za ngozi niachane na mambo ya umeme.

Mimi ni mpiga ngoma wa harusi huku Tanga. Chakacha ndiyo kazi yetu, na mkono wangu ni chapuo, ile ngoma ndogo. Tatizo la shughuli yetu wanaolijua wanalijua: mkialikwa mbali, nauli ya watu na ngoma zao inameza malipo yote, mnarudi na pilau tumboni na mfuko mtupu. Ndipo nikaona nirekodi ngoma zetu wenyewe, pigo moja moja, nizipange kwenye pedi, ili mdundo utengenezwe nyumbani na mwimbaji aende nao. Ngoma za kununua sitaki. Pakiti za ngoma za Afrika nilizosikiliza mtandaoni nyingi ni djembe na konga. Djembe si chapuo, na mama yeyote wa Ngamiani atakwambia hivyo kabla bi harusi hajatolewa ndani.

Vifaa: Akai MPD218 ya mtumba, kile kibao cha pedi kumi na sita za kugonga kwa vidole, haina boksi wala karatasi ya maelezo. Waya wake ni wa aina ile ya printa. Laptopu ni ya Windows 10 yenye RAM ya 8 GB. FL Studio 20, programu ya kutengenezea muziki, toleo la kulipia. Kadi ya sauti ya nje sina, nasikiliza kwa hedifoni kwenye tundu la laptopu.

Nilichofanya: nimechomeka, taa zikawaka, Windows ikaitambua yenyewe bila kuomba draiva. Nikabonyeza F10, nikaikuta kwenye orodha ya Input, nikawasha Enable. Nikafungua FPC, ile mashine ya ngoma iliyomo ndani ya FL, nikavuta sampo zangu (yale mapigo niliyorekodi) juu ya pedi zake: chini kushoto vumi, inayofuata msondo wa wazi, ya tatu msondo wa kuziba, ya nne chapuo la wazi, ya tano chapuo la kuziba, ya sita kofi la pembeni. Juu huko upatu na makofi ya watu.

Sasa vituko. Nikigonga pedi ya kwanza, linalia pigo la pili. Nikigonga ya pili, linalia la kwanza. Ya tatu inaliza la sita. Ya nne kimya kabisa ingawa taa yake inawaka. Ya tano iko sawa! Ya sita kimya tena. Nimebadilisha tundu la USB, ni yale yale.

Pili, sauti inachelewa. Si sana, ila mkono unajua. Na ajabu, nikiweka ngoma zinazokuja na FL uchelewaji unapungua. Nikirudisha za kwangu unaongezeka.

Tatu, hili ndilo linaloniuma. Nikirekodi halafu nikasikiliza, mapigo yamenyooshwa kama gwaride la Mwenge. Chakacha ni sita kwa nane, chapuo halikai kwenye mstari, linachungulia kabla na baada. Humu limepangwa foleni.

Mwisho, kitufe cha Note Repeat, kile cha kurudia pigo chenyewe ukishikilia pedi, kinafanya kazi lakini kwa mwendo wake, hakifuati tempo ya FL hata kidogo.

Aliyeniuzia ananiambia pedi imekufa niilete aitazame. Simwamini.

---

Mzee_wa_Mausi

Mkuu uza hiyo kitu. Singeli kibao zinapikwa kwa mausi na kibodi ya kompyuta, na uwanja unatimka vumbi. Pedi ni mapambo ya kupigia picha.

---

Chapuo_Ngamiani

Singeli naiheshimu mkuu. Lakini kibodi ya kompyuta nikiigusa kwa ncha ya kidole au nikiipiga kofi, sauti ni ile ile. Chapuo lisilojua tofauti ya hayo mawili bora nigonge meza.

---

FundiSauti_Moro

Mkuu Chapuo, usimpelekee mtu hiyo pedi. Umeeleza vizuri mpaka majibu yamo ndani ya swali. Pedi ni nzima na FL ni nzima, ila hazijakubaliana namba.

Pedi yenyewe haina sauti ndani. Ukigonga inatuma namba mbili kubwa: namba ya noti, kuanzia 0 hadi 127, na nguvu ya pigo, kuanzia 1 hadi 127. Basi. FPC imekaa inasubiri namba, na kila pedi yake inaitikia namba yake peke yake.

Sasa tazama ulichokiandika. Kwa dalili hizo, MPD yako iko kwenye preset (mpangilio uliohifadhiwa) inayotuma noti kwa mfululizo kuanzia 36: pedi ya kwanza 36, ya pili 37, ya tatu 38, ya nne 39, ya tano 40, ya sita 41. FPC haijapangwa kwa mfululizo. Imerithi mpangilio wa mashine za zamani za MPC, ambapo pedi ya kwanza inasubiri 37, ya pili 36, ya tatu 42, ya nne 82, ya tano 40, ya sita 38. Linganisha mwenyewe. 36 yako inaangukia pedi ya pili ya FPC. 37 inaangukia ya kwanza. 38 inaenda ya sita. 39 na 41 hazina mwenyewe kati ya pedi hizi kumi na sita, ndiyo maana kimya. Na 40 imekutana na 40 kwa bahati tu, ndiyo maana ya tano ikakufurahisha.

Cha kufanya: ndani ya FPC bofya pedi ya kwanza, tafuta kiboksi cha noti ya pedi hiyo, kivute kwa mausi mpaka 36. Ya pili 37, ya tatu 38, endelea hivyo hadi 51 kwenye pedi ya kumi na sita. Ukimaliza hifadhi kama preset ya FPC yenye jina lako, usije ukarudia kazi hii kila mradi mpya. Ungeweza pia kushikilia Prog Select kwenye MPD na kugonga pedi nyingine upate preset tofauti, lakini mimi nakushauri mfululizo uubakishe ulivyo. Siku ukihamia Ableton Live, programu nyingine ya muziki, Drum Rack yao ya ngoma inaanza na 36 hapo hapo chini kushoto.

Tahadhari moja kuhusu majina ya noti. 36 kwenye FL imeandikwa C3. Kwenye Ableton noti hiyo hiyo ni C1, na REAPER inaiita C2. Ukifuata video ya mtu anayetumia programu nyingine utapotea siku nzima. Shika namba, majina achana nayo.

Uchelewaji: unao wa aina mbili, na wewe mwenyewe umezitenganisha bila kujua.

Wa kwanza ni wa kompyuta. Rudi F10, ingia Audio, tazama kifaa kilichochaguliwa. Kama ni Primary Sound Driver, hapo ndipo kero ilipo. Chagua FL Studio ASIO, draiva ya sauti isiyochelewa, au weka ASIO4ALL ambayo ni ya bure. Kisha punguza bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kuitoa. Hesabu yake ni nyepesi: kwa kasi ya 44100, bafa ya 2048 ni milisekunde 46, ya 512 ni karibu 12, ya 256 ni karibu 6. Mpiga ngoma 46 anazisikia waziwazi, 6 hazisikii. Anza na 512, shuka 256, sauti ikianza kukwaruza panda kidogo. Na hedifoni za bluetooth usiziguse kwa kazi hii, hata ziwe za bei gani.

Wa pili umo ndani ya sampo zako. Umesema ngoma za FL hazichelewi sana ila zako zinachelewa. Kompyuta haina ubaguzi mkuu. Zako umerekodi kwa simu, si ndiyo? Basi kila faili lina ukimya mwanzoni, muda kati ya wewe kubonyeza na mkono kufika kwenye ngozi. Ukigonga pedi, FL inacheza ukimya kwanza. Fungua sampo kwenye Edison, kihariri sauti cha FL, vuta karibu sana mwanzo wake. Utaona mstari umelala, halafu kinywele kidogo, halafu ukuta wa sauti. Kile kinywele ni kidole kinapogusa ngozi kabla ya kishindo. Kata kabla ya kinywele, usikate baada yake. Ukikikata chapuo litabaki na kishindo lakini litapoteza ngozi, litakuwa kama la plastiki.

La chakacha nawaachia wa pwani, mimi ni mtu wa kwaya.

---

Kijana_wa_Tech

Kuongezea hapo, pakua MIDI-OX ni ya bure. Ukigonga pedi inakuonyesha namba inayotumwa, huna haja ya kubahatisha.

---

FundiSauti_Moro

Sawa, ila ukimaliza kutazama ifunge ndipo ufungue FL. Kwenye Windows kifaa cha MIDI, yaani kinachotuma namba hizi za noti, mara nyingi kinashikwa na programu moja kwa wakati mmoja. Ukiiacha wazi, FL itakataa kukiwasha, na mwenzetu ataamini maneno ya yule muuzaji.

---

BintiKibokoni

Kakangu Chapuo, salaam kutoka Mombasa. Mimi natengeneza nyimbo za harusi huku Mji wa Kale, na hilo gwaride lako nimeishi nalo.

Hapo juu kwenye FL kuna kitu kinaitwa snap. Ikiwa imekaa kwenye Step au Line, ukirekodi inavuta kila pigo lako kwenye mstari wa karibu. Na mistari hiyo imegawa kila biti mara nne. Chakacha haigawanyiki nne, inagawanyika tatu. Kwa hivyo lile pigo la pili la chapuo linaburutwa mpaka mahali ambapo hapana mtu wa pwani aliwahi kuliweka. Hapo hata ungekuwa fundi vipi itatoka gwaride.

Ukirekodi, weka snap kwenye None. Mkono wako uingie ulivyo. Tempo ya FL ihesabu kwa mguu wa mwenye kucheza, usihesabu kwa mapigo ya chapuo. Biti moja, mapigo madogo matatu. Biti nne zinakupa kumi na mbili, yaani sita kwa nane mara mbili.

Baada ya kurekodi ndipo uingie kwenye piano roll, ile sehemu ya kuona na kuhariri noti, ubadilishe snap iwe 1/3 beat. Mistari itakaa sawa na chakacha na utaona wapi umeteleza na wapi umechungulia kwa kusudi. Ukitaka kunyoosha, bonyeza Alt na Q, lakini usinyooshe vyote. Chagua noti za vumi peke yake, hizo nyoosha, maana vumi ndilo wanalolishika wenye kucheza. Msondo punguza kile kitufe cha Start time uvutwe nusu ya njia. Chapuo usiliguse wallahi. Chapuo likinyooshwa nyimbo imekufa, na mwimbaji atakwambia sauti haimtoki bila kujua ni kwa nini.

Jambo jingine hukuuliza lakini litakukuta. Chapuo la wazi linaendelea kulia, na ukifuatisha la kuziba yatalia yote mawili pamoja. Kwenye ngoma ya kweli haiwezekani, mkono ukiziba ngozi sauti ya mwanzo inakatika. FPC ina Cut na Cut by. Pedi ya chapuo la wazi na la kuziba zipe namba moja ya kundi, ili la kuziba limkate mwenziwe. Msondo upe namba yake nyingine. Ukikosea ukawapa wote namba moja, msondo utakuwa unakata chapuo na utashangaa ngoma zimeanza kukohoa.

Na kwa vile umemjibu yule bwana wa mausi kuhusu nguvu ya pigo: usiweke sampo moja kwa pedi. Rekodi chapuo lilioguswa kwa ncha, la kawaida, na la nguvu, uziweke kama tabaka tatu kwenye pedi moja, kila tabaka na eneo lake la nguvu. Pigo la ncha sio pigo la nguvu lililopunguzwa sauti, ni mlio mwingine kabisa. Kisha hakikisha kitufe cha Full Level kwenye MPD kimezimwa. Kikiwaka, kila pigo linatumwa 127 na tabaka zako mbili hutazisikia kamwe.

Note Repeat: FL lazima iipe MPD saa, yaani mwendo wa tempo yake. F10 tena, safari hii orodha ya Output, chagua MPD, washa Send master sync. Kisha kwenye menyu ya Options uwashe Enable MIDI master sync. Huko kwenye MPD, NR Config ndiyo yenye mipangilio: iambie ifuate saa ya nje, na mgawanyo uweke 1/8T, ile yenye T ndiyo ya tatu tatu. Itafuata. Ila mimi siitumii kwa ngoma, naitumia kwa kayamba la nyuma tu. Wewe una mikono ya chapuo, yanini mashine ikupigie?

---

Chapuo_Ngamiani

Wakuu, na dada yangu wa Kibokoni, Mungu awazidishie.

Namba zimekaa. Pedi ya nne iliyokuwa "imekufa" sasa ndiyo inalia kuliko zote. Nimepiga picha FPC na namba zake nikamtumia yule muuzaji, amesoma na hajajibu.

Bafa inakaa 256 nikiwa na ngoma peke yake. Nikiongeza kinanda na mwangwi inakwaruza, narudi 512. Nimeamua narekodi ngoma kwanza kila kitu kingine kikiwa kimezimwa, halafu nikishaanza kupanga nyimbo napandisha hata 1024, maana wakati huo mkono haugongi kitu.

Kinywele nimekiona! Kwenye vumi hakipo, kwenye chapuo kipo kila mara. Nimekata sampo zote upya. Za msondo ilibidi nirekodi tena kabisa, simu ilikuwa inashusha sauti yenyewe baada ya kishindo, mlio wa mwisho unaliwa. Nimebadilisha programu ya kurekodia, hii mpya inatoa WAV na ina sehemu ya kuzima marekebisho ya sauti, na simu nimeiweka mbali kidogo na ngoma badala ya kuisogeza mdomoni mwake.

Hilo la kunyoosha vumi na kuacha chapuo limenishangaza. Nimemsikilizisha mzee wetu wa msondo bila kumwambia imetoka wapi. Amesikiliza mpaka mwisho, akauliza ni harusi ya nani hiyo na kwa nini hakuitwa.

Bado nina moja. Rafiki yangu wa Pangani ana laptopu yake na FL kama hii, nataka nimpelekee mradi aongeze kinanda. Nimemtumia lile faili la mradi, kwake limefunguka lakini ngoma zote kimya, linamwambia sampo hazipo.

---

FundiSauti_Moro

Faili la mradi halibebi sauti, linabeba anwani ya sauti ilipo kwenye laptopu yako. Nenda File, kisha Export, chagua Zipped loop package. Itafunga mradi na sampo zake pamoja, mtumie hiyo. Kwake mwambie aifungue ikiwa zipu hivyo hivyo ndani ya FL. Na sampo zako zote ziweke folda moja sasa hivi kabla hujaongeza nyingine. Ukizitawanya kwenye Downloads na desktop, siku ukisafisha laptopu utafuta msondo.

---

BintiKibokoni

Na nakala ya folda hiyo uweke kwenye flashi, kakangu. Ukishamaliza naomba unitumie lile vumi, langu la huku ngozi yake imelegea na fundi yuko safarini Lamu.

---

Mzee_wa_Mausi

Nimesoma mpaka mwisho. Hiyo MPD218 mtumba Tanga zinapatikana shilingi ngapi?